Darasa la jioni la Hisabati mjini Mtwara: tathmini ya mafundisho ya namba tasa na vigawo

Mzazi wa Mtwara mjini anayetafuta masomo ya ziada ya Hisabati kwa mtoto wa shule ya msingi hakosi pa kumpeleka, kwa kuwa karibu kila mtaa, kuanzia Shangani hadi Magomeni na Chuno, una mwalimu mstaafu au kijana aliyehitimu chuo cha ualimu anayepokea watoto jioni. Tathmini hii inahusu darasa moja tu, linaloendeshwa na mwalimu mstaafu upande wa Ligula, ambako binti yangu wa darasa la sita anasoma na ambako niliruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza masomo yote ya mada ya namba tasa, yaani zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na zenyewe, na vigawo, yaani namba zinazoigawa nyingine bila baki. Mwalimu ameomba jina lake lisiandikwe, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hukumu yangu naiweka mbele ili msomaji asiitafute: kwa mada hii sijaona hapa mjini mafundisho bora kuliko haya, ingawa kijitabu wanachouziwa watoto kina makosa ambayo hayafai kuvumiliwa hata kwa wiki moja.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ndiyo inayoonyesha upesi kama mwalimu anafundisha au anakaririsha. Watoto wengi wa darasa la sita wanaweza kuzitaja namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100 bila kusita, kuanzia 2 hadi 97, na bado ukiwapa sehemu yenye kiasi 51 na asili 85 waifupishe, wanakuambia haifupishiki. Wameangalia kama 2 inaingia, wakaangalia 3 na 5, wakaona hakuna inayoingia kote kuwili, wakaweka kalamu chini. Anayeelewa vigawo anajua kwamba 51 ni 3 mara 17 na 85 ni 5 mara 17, hivyo sehemu hiyo ni tatu ya tano tu. Orodha iliyokaririwa humpa mtoto majina ya namba, lakini haimpi macho ya kuona namba moja ndani ya nyingine, na macho hayo ndiyo yanayohitajika katika sehemu, katika uwiano, na baadaye katika aljebra yote ya sekondari.

Somo la kwanza katika darasa hili halikuanza na maana ya namba tasa. Mwalimu alimwaga mezani kete za bao, komwe zile za kijivu ambazo kila mtu wa pwani anazijua, akampa kila mtoto kete 12, akawataka wazipange katika mistatili ambayo safu zake zote zinalingana na ambayo haibakizi hata kete moja. Watoto walipata safu 1 ya kete 12, safu 2 za kete 6, na safu 3 za kete 4. Kisha aliwaongezea kete moja ili ziwe 13, na hapo kila walichojaribu kilivunjika: safu 2 zilibakiza kete moja, safu 3 zilibakiza moja, safu 4 zilibakiza moja, safu 5 zilibakiza tatu. Kilichobaki ni mstari mmoja mrefu. Walifanya hivyo kwa 15, kwa 17, kwa 18, kwa 19 na kwa 21, wakiandika katika daftari kila mstatili waliouona, mpaka namba zikajitenga zenyewe katika makundi mawili mbele ya macho yao. Hapo ndipo mwalimu alipoandika ubaoni kwamba pande za mistatili ile ndizo vigawo vya namba, kwamba namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, ni namba tasa, na kwamba namba yenye vigawo zaidi ya viwili si tasa.

Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu maana ilikuja baada ya kitu chenyewe. Mtoto aliyeisikia alikuwa ameshaigusa, na hakuwa na haja ya kuuliza vigawo ni nini, swali ambalo katika madarasa mengine hujibiwa kwa sentensi nyingine ya kukariri. Utaratibu huu pia unaondoa kabisa mkanganyiko wa vigawo na vigawe, unaowapotezea alama watahiniwa wengi, kwa kuwa vigawo vya 12 vimefungwa ndani ya kete 12 na haviwezi kuizidi, ilhali vigawe vya 12, ambavyo ni 12, 24, 36 na kuendelea, vinahitaji kete nyingine zaidi na havina mwisho.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini asitumie korosho, ambazo katika mkoa huu hazikosekani nyumbani. Alinijibu kwamba korosho yenye ganda haifai kuchezewa na watoto, kwa kuwa ganda likipasuka hutoa mafuta makali yanayounguza ngozi, na iliyobanguliwa haitamaliza kipindi bila kuliwa. Komwe ni ngumu, hazivunjiki, na bao zima huchezwa kwa kete 64, idadi ambayo yenyewe ni somo.

Somo hilo la kete 64 ndilo lililonifanya niamini kwamba mwalimu huyu anaifahamu mada kwa undani. Aliwapa watoto wa darasa la saba kete zote za bao moja, akawaambia watafute kila mstatili. Walipata 1 kwa 64, 2 kwa 32, 4 kwa 16 na 8 kwa 8, basi. Waliona kwamba 3, 5, 6 na 7 hazikuingia hata mahali pamoja, na mwalimu akawaonyesha sababu: 64 imejengwa kwa 2 peke yake, ikizidishwa mara sita, hivyo haina mahali pa kuweka 3 wala 5. Bao lenyewe lina mashimo 32 katika safu 4 za mashimo 8, na 32 nayo imejengwa kwa 2 tupu. Kisha akawaambia wahesabu vigawo vya 64, wakapata saba, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Akauliza inawezekanaje vigawo viwe saba ilhali kila mstatili una pande mbili na kwa hiyo vigawo vinakuja jozi jozi. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu, na mwalimu hakulisaidia. Mvulana mmoja ndiye aliyesema hatimaye kwamba 8 kwa 8 imetoa kigawo kimoja badala ya viwili. Wakapewa kazi ya kutafuta namba nyingine zenye idadi witiri ya vigawo, wakaleta 4, 9, 16, 25 na 36, na walipoziandika ubaoni kwa mpangilio hawakuhitaji kuambiwa kwamba zote ni namba za mraba. Ukimya ule wa mwalimu ni ustadi. Walimu wengi wa masomo ya ziada, kwa kuogopa wazazi waonao kimya kama uvivu, wangelitoa jibu mara moja na kuliharibu somo.

Mfano mwingine alioutumia vizuri ni wa shamba. Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na watoto wengi wa Mtwara wamewahi kusimama katika shamba la babu au mjomba na kuona safu hizo. Mwalimu aliuliza mkulima mwenye miche 60 anaweza kuipanda kwa mipangilio mingapi ya mstatili, na watoto wakapata jozi sita: 1 kwa 60, 2 kwa 30, 3 kwa 20, 4 kwa 15, 5 kwa 12, na 6 kwa 10. Kwa mpangilio wa 6 kwa 10, kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 60 upande mmoja na mita 108 upande wa pili, shamba la kawaida kabisa. Kisha jirani akamwongezea mkulima mche mmoja. Kwa miche 61 hakuna mstatili isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo una urefu wa mita 720. Watoto walihesabu urefu huo wenyewe, wakikumbuka kwamba kati ya miche 61 kuna nafasi 60, na huo ni mtego ambao mwalimu aliuweka kwa makusudi. Mche mmoja tu umeibadilisha namba yenye vigawo 12 kuwa namba yenye vigawo viwili. Sijawahi kuona mfano unaoonyesha vizuri hivi jinsi namba mbili zinazofuatana zinavyoweza kuwa na tabia zisizofanana hata kidogo.

Kuhusu namba 1 nitasema kidogo zaidi, kwa sababu ndipo vijitabu vingi vinapoharibu. Kete moja haina mistatili miwili wala jozi ya vigawo vinavyotofautiana. Ina kigawo kimoja, yenyewe. Kwa hiyo haimo katika namba tasa, na haimo pia katika kundi la namba zenye vigawo zaidi ya viwili. Mwalimu hakuishia hapo. Aliwaeleza wakubwa kwamba ipo sababu nzito zaidi, nayo ni kwamba kila namba kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe, ama huvunjika kuwa zao la namba tasa kwa namna moja tu, ukiacha mpangilio wake. Namba 12 ni 2 mara 2 mara 3, hakuna namna nyingine. Kama 1 ingekubaliwa kuwa tasa, mtu mmoja angeandika 1 mara 2 mara 2 mara 3, mwingine angeweka 1 mara mbili, mwingine mara kumi, na umoja huo wa jibu ungepotea. Kanuni hiyo ilikuwa imekaribia kukamilika katika maandishi ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati Mjerumani, aliithibitisha kwa uwazi mwaka 1801. Mtoto wa darasa la sita hahitaji uthibitisho wake, lakini anastahili kujua kwamba 1 haikutengwa kwa matakwa ya mtunga mtihani.

Baada ya kete, darasa lilihamia kwenye chekeche la Eratosthenes. Mwalimu aliwaambia watoto kwamba Eratosthenes alizaliwa Cyrene, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Libya, na aliisimamia maktaba ya Alexandria huko Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na kwamba ndiye aliyekadiria mzunguko wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya jua vya miji miwili ya Misri. Niliona nyuso za watoto zilivyobadilika waliposikia kwamba njia wanayoitumia ilitungwa na mtu aliyezaliwa na kufanya kazi katika bara hili. Kazi yenyewe ni rahisi: unaandika namba 2 hadi 100, unaacha 2 na kukata vigawe vyake vingine vyote, unaacha 3 na kukata vigawe vyake, vivyo hivyo kwa 5 na 7, na zilizobaki bila kukatwa ndizo tasa. Jambo ambalo madarasa mengi huliruka, na ambalo hapa lilipewa kipindi kizima, ni kwa nini tunasimama kwenye 7. Namba tasa inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121, ambayo imeshapita 100. Namba yoyote isiyo tasa iliyo chini ya 121 lazima iwe na kigawo tasa kilicho chini ya 11, kwa hiyo imeshakatwa tayari.

Aliwapa pia jedwali la safu wima sita badala ya kumi. Katika jedwali hilo namba tasa zote, isipokuwa 2 na 3, huangukia safu wima mbili tu, ile inayoanza na 1 na ile inayoanza na 5. Ni jambo zuri kulitazama. Alionya hapo hapo kwamba 25, 35, 49 na 55 nazo zimo katika safu hizo, ili mtoto asidhani kukaa humo kunatosha.

Kipindi nilichokithamini kuliko vyote ni cha miaka. Mwalimu aliandika ubaoni 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, akauliza kama ni namba tasa. Wengi waliinua mikono na kusema ndiyo, kwa kuwa ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 17, hivyo haigawanyiki kwa 3. Akawaambia wathibitishe. Kwanza walitafuta mahali pa kusimama: 44 mara 44 ni 1936 na 45 mara 45 ni 2025, kwa hiyo hawakuhitaji kujaribu namba tasa iliyo zaidi ya 43. Wakaanza kugawanya. Kwa 7 ilibaki 1, kwa 11 ilibaki 3, kwa 13 ilibaki 11, kwa 17 ilibaki 6, kwa 19 ilibaki 4, kwa 23 ilibaki 6, kwa 29 ilibaki 18, kwa 31 ilibaki 8. Kufikia hapo nusu ya darasa ilikuwa imeshaandika kwamba ni tasa. Waliobaki waligawanya kwa 37 wakapata 53 kamili bila baki. Mwaka 1961 ni 37 mara 53, na vigawo vyake ni vinne: 1, 37, 53 na 1961. Walioacha kabla ya 43 walijifunza siku hiyo kwamba mahali pa kusimama hupangwa na hesabu, na kwamba uchovu hauna sauti katika jambo hilo.

Kazi ya nyumbani ilikuwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na 2027. Namba 1967 huanguka mapema, kwa kuwa ni 7 mara 281. Namba 2027 ni ngumu zaidi, kwa sababu inapaswa kujaribiwa kwa kila namba tasa hadi 43 na haigawanyiki kwa hata moja. Ni tasa kweli. Binti yangu aliifanya yote mezani jikoni, ukurasa mzima wa migawanyo mirefu, na sikusikia akilalamika. Mzazi atakayeona daftari la namna hiyo asidhani mtoto amepewa adhabu. Humo kuna mazoezi mengi ya kugawanya kuliko zoezi lolote la kugawanya ninalolijua, na kila mgawanyo una sababu.

Mti wa vigawo na ngazi ya kugawanya vilifundishwa vyote viwili. Watoto walichora mti wa 60 kwa kuanza na 6 na 10, wengine kwa 4 na 15, wengine kwa 2 na 30, na chini ya kila mti wakakuta majani yale yale: 2, 2, 3 na 5. Kisha mwalimu aliwaonyesha njia ya kuhesabu vigawo bila kuviorodhesha. Kwa kuwa 60 ina 2 mara mbili, 3 mara moja na 5 mara moja, kila kipeo, yaani idadi ya mara hizo, huongezwa moja na matokeo huzidishwa: 3 mara 2 mara 2, ambayo ni 12, idadi ile ile waliyoipata kwa miche. Kwa 72, yenye 2 mara tatu na 3 mara mbili, ni 4 mara 3, yaani 12 tena.

Sehemu ya KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ndiyo niliyoiona dhaifu. Mfano uliotumika ulikuwa mzuri: kreti ya soda ina chupa 24, trei ya mayai ina mayai 30, na mama anayeandaa shughuli anataka idadi ya soda ilingane na idadi ya mayai bila kufungua kreti wala trei nusu. Kwa kuwa 24 ni 2 mara 2 mara 2 mara 3, na 30 ni 2 mara 3 mara 5, KDS ni 120, yaani kreti 5 na trei 4. Na KKS, ambayo ni 6, ndiyo idadi kubwa kabisa ya meza zinazoweza kugawana kwa usawa kreti moja na trei moja, kila meza ikipata soda 4 na mayai 5. Lakini mada hii nzito ilibanwa katika jioni moja mwishoni mwa wiki, na watoto wa darasa la tano waliondoka wakiwa bado wanabadilishana majina ya viwili hivyo. Baada ya uvumilivu mkubwa ulioonyeshwa kwenye kete na chekeche, haraka hii haina sababu. KKS na KDS hurudi katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa sura nyingi, na zilistahili angalau muda uleule waliopewa Eratosthenes na kete 64.

Sasa kijitabu. Kila mtoto hutakiwa kununua kijitabu cha mazoezi kilichopigwa chapa katika duka moja la vifaa vya ofisi hapa mjini, na ukurasa wake wa nyuma una jedwali la namba tasa hadi 100. Jedwali hilo limeweka 1 miongoni mwa namba tasa, na limeweka pia 87 na 91. Namba 87 ni 3 mara 29, na jumla ya tarakimu zake, 15, ingetosha kumwonya aliyechapa. Namba 91 ni 7 mara 13, na ni mtego wa siku zote kwa sababu haimo katika jedwali la kuzidisha ambalo watoto hulikariri hadi 12. Mwalimu anajua makosa haya na aliwaambia watoto wayakate kwa kalamu. Walioingia baadaye hawakuambiwa, na niliona nakala mpya zikiuzwa zikiwa hivyo hivyo. Katika somo lingine kosa la chapa lingeweza kusamehewa. Katika mada ambayo faida yake yote ni kutofautisha kilicho tasa na kisicho tasa, jedwali potofu nyuma ya kijitabu linabomoa usiku kile mwalimu alichojenga jioni, kwa kuwa mtoto akiwa peke yake nyumbani huamini kilichochapwa. Naomba kwa dhati nakala zilizobaki zisiuzwe mpaka zitakaporekebishwa, na mzazi ambaye tayari anayo afungue ukurasa huo leo, akate 1, 87 na 91, kisha ahesabu: zikibaki 25, jedwali liko sawa.

Kuna wazazi waliolalamika kwamba jioni ya mwisho ilipotea kwa mambo yasiyo ya mtihani. Jioni hiyo mwalimu aliuliza kama namba tasa zina mwisho, akaeleza hoja ya Euclid, iliyoandikwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Tuseme namba tasa ni 2, 3, 5 na 7 tu. Zizidishe upate 210, ongeza 1 upate 211. Ukiigawa 211 kwa yoyote kati ya zile nne, hubaki 1. Kwa hiyo lazima ipo namba tasa nyingine nje ya orodha, na orodha yoyote utakayoitoa itashindwa vivyo hivyo. Alikuwa mwangalifu kusema kwamba namba mpya si lazima iwe tasa yenyewe: ukizizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 na kuongeza 1 unapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509, lakini 59 na 509 hazikuwamo katika orodha, na hoja inasimama. Aliongeza kwamba namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na kwamba ugumu wa kuvunja namba kubwa sana kuwa vigawo vyake tasa ni msingi wa mojawapo ya njia za kulinda siri katika intaneti, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Siwaungi mkono wazazi wanaolalamika. Mtoto anayejua kwamba kuivunja 1961 kwa mkono kunachosha anaweza kuelewa, bila hesabu nyingine yoyote, kwa nini kuivunja namba yenye mamia ya tarakimu huishinda kompyuta, na elimu hiyo haikumchukulia zaidi ya saa moja.

Kuhusu huduma nyingine, ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na hulipwa mwanzoni. Chumba ni safi na kina madawati ya kutosha, ila watoto wa madarasa matatu huketi pamoja, na kufikia katikati ya mwezi wanakuwa wengi kiasi kwamba kete hazitoshi na baadhi hubaki wakitazama mikono ya wenzao. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna anayesikia kitu, na mwalimu huandika tu ubaoni. Mwalimu ni mpole. Watoto humwamkia shikamoo wakiingia, naye humwita kila mmoja kwa jina, wala sikuona fimbo.

Darasa hili linamfaa zaidi mtoto wa darasa la tano hadi la saba ambaye anajua kuzidisha lakini hajui anazidisha kwa nini. Litamfaa pia anayesubiri kuingia kidato cha kwanza, kwa kuwa mada hii humrudia huko kwa Kiingereza, na aliyeielewa kwa lugha yake hupata kazi moja tu ya kujifunza majina mapya. Halimfai anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu mwenyewe huwaelekeza wa namna hiyo kwingine. Mada ya namba tasa hurudiwa kila mwanzo wa muhula. Anayetaka mwanawe aishike kete kwa mkono wake amwandikishe wiki ya kwanza, kabla chumba hakijajaa, na amnunulie daftari la mraba.